Si Kila Saa Ni ya Kutafuta Pesa

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba unapenda kuoka keki, atakuuliza unauza bei gani. Sema unafuga kuku wachache nyuma ya nyumba, atataka kujua kama umepata soko la mayai. Nimekuwa mhasibu Industrial Area kwa miaka mingi, na ninavyoona, wenzangu hawachoshwi na kazi yenyewe sana. Wanachoshwa na ile imani kwamba saa isiyoingiza kitu imepotea.

Najua kodi ya nyumba haingoji, wala karo. Sisemi watu waache vibarua vya pembeni, maana wapo wanaolisha wazazi kwa vibarua hivyo. Ninachosihi ni hiki: chagua kitu kimoja unachokipenda, na ukatae katakata kisigeuke biashara.

Changu ni drafti. Jioni tunacheza kwenye benchi nje ya kinyozi, mtaani Umoja. Kete zetu ni vifuniko vya soda: wa upande huu wanavilaza chali, wa upande ule kifudifudi. Kifuniko kikifika mstari wa mwisho kinabebeshwa kingine juu, kinakuwa kingi, na hapo kelele zinaanza. Anayetufunga zaidi ni mzee mmoja mlinzi wa usiku, ambaye hupitia pale akielekea lindoni. Vijana wamewahi kupendekeza tuweke dau la shilingi hamsini. Nilipinga, na bado napinga. Siku pesa itakapoingia, asiye na hamsini atabaki nyumbani, na waliobaki watacheza kwa hasira.

Kwa aliyeajiriwa, nasisitiza likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, kila baada ya miezi 12 ya utumishi, pamoja na siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7. Hiyo si hisani ya bosi. Mimi huandika barua ya likizo mwezi wa Januari, kabla kalenda ya ofisi haijajaa, na ndani yake namtaja mwenzangu tuliyekubaliana kwamba atashika kazi yangu. Bosi akiona pengo limezibwa, hana sababu kubwa ya kukataa. Siku ya kuondoka nalinyamazisha kundi la WhatsApp la kazini. Mwenzangu huyo tu ndiye mwenye ruhusa ya kunipigia. Na tafadhali, usiimalize likizo yote ushago, huko kijijini kwenu, ukisimamia mafundi na kuhesabu mifuko ya simiti. Huko ni kubadilisha msimamizi tu.

Mwenye kibanda hana wa kumsainia likizo, na kwake sheria hiyo haifiki. Dada yangu anauza mboga Kayole. Yeye na jirani yake wa kibanda wanapokezana: Jumapili hii mmoja anauzia wote wawili, Jumapili ijayo mwingine, kila mtu na mkebe wake wa pesa. Mwanzoni wateja walilalamika kidogo kuhusu vipimo vya sukuma wiki, lakini wakazoea. Kwa mtu anayedamka usiku kwenda kununua mboga sokoni, hizo Jumapili mbili kwa mwezi ni kitu kikubwa sana. Kama una jirani unayemwamini, mwambie leo.

Wengine huniambia starehe ni ya wenye nauli ya kwenda Mombasa. Bustani ya Jeevanjee, aliyoitoa mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906, iko katikati ya jiji na huingii kwa tikiti. Nayo Uhuru Park ingekuwa na jumba la ghorofa 60 kama mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai hangesimama kulipinga mwaka 1989, akavumilia matusi ya wabunge. Mwaka 1999 alipigwa akitetea msitu wa Karura usigawiwe wajenzi. Sijui mji huu ungekuwa wa namna gani bila ukaidi wa mama yule. Nafasi za kupumzika tulizo nazo zililipiwa, tena kwa damu, na inaniuma kuona mtu amezaa na kulea hapa Nairobi bila kuwahi kuwapeleka watoto wake wakakimbie huko.

Wapeleke mwisho wa wiki hii. Beba chai kwenye thamosi, leso ya kukalia na mpira. Kompyuta iache nyumbani.