Maji ya Cauvery: hukumu ipo, mbona ugomvi haujaisha?

Ndugu, umeuliza kwa nini majimbo ya Karnataka na Tamil Nadu bado yanavutana ilhali Mahakama ya Juu ya India ilishagawa maji ya mto Cauvery mwaka 2018. Kwa mtihani wako, usikariri mgao peke yake. Karnataka, iliyo upande wa juu wa mto, inatakiwa kuipitishia Tamil Nadu futi za ujazo bilioni 177.25 kwa mwaka kwenye kituo cha kupimia cha Biligundlu, mpakani. Lakini hesabu hiyo ni ya mwaka wa mvua za kawaida. Monsuni ikisuasua, kama 2023, upungufu unatakiwa kugawanywa kwa uwiano. Basi hapo kila upande huja na hesabu zake. Huku mkulima wa mpunga kwenye delta ya mto huo, Tamil Nadu, anasubiri bwawa la Mettur, ambalo kwa desturi hufunguliwa Juni 12. Bengaluru, mji mkuu wa Karnataka, nayo inataka maji ya kunywa. Andika hayo.