Gunia la mboga linalokauka pembeni: tatizo liko katikati

Dada, umesema gunia lako liko kwenye veranda ya muzigo (chumba cha kupanga) huko Kireka, nje kidogo ya Kampala, umelijaza udongo mwekundu na samadi ya kuku, unamwagilia kila jioni, na bado sukuma zinazopendeza ni za juu tu. Za pembeni zinanyauka, za chini zimeshakufa. Waliotangulia kukujibu wamekuambia uongeze mbolea. Usiongeze kitu. Gunia lako lina kiu.

Udongo mwekundu wa vilima vya Kampala ukishindiliwa ndani ya gunia hushikana. Ukimwaga maji juu, sentimita chache za mwanzo zinalowa, na yanayobaki yanatafuta njia rahisi, nayo ni ule upenyo kati ya udongo na ukuta wa gunia. Yanateremka humo na kutokea kwenye matundu ya pembeni yaliyopandwa miche. Ukiona michirizi ya matope nje ya gunia baada ya kumwagilia, jua kiini hakijapata kitu. Ndiyo maana gunia linalojengwa vizuri huwa na nguzo ya mawe katikati, kutoka karibu na chini hadi juu. Kazi yake ni kufikisha maji kwenye kina chote kabla hayajatoroka.

Kwa gunia ulilonalo sasa, huna haja ya kulimwaga. Tafuta kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa sentimita 80 hivi; mafundi bomba huwa na mabaki. Litoboe kwa msumari uliopashwa moto, tundu moja kila sentimita 10, ukizunguka pande zote, ila sentimita 20 za juu ziache bila tundu. Ziba mwisho wa chini kwa kaveera (mfuko wa plastiki) lililofungwa kwa kamba ya mpira. Kisha chukua mti ulionyooka, ulingane unene na bomba, uuzungushe taratibu katikati ya gunia hadi kina cha sentimita 60 au 70, uuchomoe, utumbukize bomba. Usiupige kwa nyundo, utakata mizizi na kupasua gunia. Kuanzia hapo maji mengi yapite kwenye bomba, polepole, na lita moja tu juu ya udongo.

Gunia jipya lijenge hivi. Chukua la kilo 100 la posho (unga wa mahindi) au sukari, lile la nyuzi za kufumwa. Yale ya mbolea ya dukani yenye kaveera ndani yaache, hayapumui na mizizi inaoza. Kama unaweza, vaza mawili, moja ndani ya jingine. Jua huzila nyuzi hizi, na gunia moja lisilo na kivuli likifika mwaka linaanza kupukutika ukiligusa. Chagua mahali kabla ya kujaza. Likishajaa na kulowa linazidi kilo 150, na hakuna atakayelisogeza. Hapa tulipo jua linaelemea kaskazini mwezi wa 6 na kusini mwezi wa 12, kwa hiyo gunia lililobanwa kwenye ukuta wa kaskazini au wa kusini litakosa jua msimu mmoja. Upande wa mashariki au magharibi ni salama zaidi. Lisiwe chini ya ukingo wa bati pia, maana mvua za mwezi wa 3 hadi wa 5 zitachimba shimo juu yake. Liweke juu ya matofali manne au matano, kitako kisioze na mwenye nyumba asilalamikie saruji yake.

Mchanganyiko, ukipima kwa jerikeni ya lita 20: udongo nne, samadi iliyoiva mbili, mchanga moja. Kama udongo wako tayari ni wa kichanga, acha mchanga na uongeze samadi kidogo. Kwa nguzo, karibu jerikeni moja ya vipande vya matofali ya kuchoma, ukubwa wa yai. Mimi napendelea matofali kuliko mawe kwa sababu yanafyonza maji na kuyaachia taratibu. Mawe makubwa ya ngumi yanaacha nafasi kubwa, maji yanaporomoka hadi chini na kuishia sakafuni.

Samadi ya kuku ndiyo inayoua miche mingi, na nahisi imechangia kwako pia. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Ilundike, iwe na unyevu, ifunike, uigeuze kila wiki kwa wiki sita hadi nane. Kuijaribu ni rahisi: weka konzi moja yenye unyevu ndani ya chupa, funga, acha hadi kesho yake, fungua unuse. Ikikuchoma pua, bado. Kama imetoka kwenye banda lililotandikwa makapi ya kahawa, ipe muda zaidi, kwa kuwa makapi hayaozi haraka.

Sasa kujaza. Kunja gunia nje hadi libaki fupi. Tandaza sentimita 10 za mchanganyiko chini, ukandamize kidogo, ili maji ya nguzo yasipitilize. Kata jerikeni ya lita 5 juu na chini ibaki kama bomba fupi, isimamishe katikati, ijaze vipande vya matofali, jaza udongo kuizunguka, kisha ivute juu ukiacha sentimita tano ndani ya udongo. Jaza tena, vuta tena, ukikunjua gunia kadiri linavyopanda. Kila mara hakikisha uko katikati; nguzo ikiinama, upande mmoja utalowa na mwingine utakauka. Simama kwenye sentimita 85 hivi. Mwagilia hadi chini pawe na unyevu, uache siku tatu au nne. Udongo utashuka, ongezea. Ukipanda kabla haujashuka, miche ya pembeni inavutwa shingo na kukatika.

Matundu yatobolewe kwa kisu kilichopashwa moto, ili nyuzi ziyeyuke na kujifunga. Ukikata kwa wembe zitafumuka, na tundu la sentimita tano litakuwa mdomo wa kutapika udongo. Safu ya kwanza iwe sentimita 25 kutoka chini, inayofuata 45, ya mwisho 65, matundu sita kila safu, yakipishana. Hapo una miche 18 pembeni na mitano juu. Najua kuna wanaojisifu kwa miche hamsini. Kwa dodo (mchicha) inawezekana, kwa sukuma utavuna majani ya ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Miche iwe na majani manne au matano. Toboa udongo kwa kijiti kuelekea ndani na chini, ingiza mizizi, kisha zungushia shingo ya mche kipande cha gamba kavu la mgomba uzibe nalo tundu. Gamba hilo ndilo linalozuia udongo kumwagika wiki za mwanzo. Panda jioni. Nyanya na kabichi visipandwe pembeni, uzito wake unang'oa mche. Pembeni weka sukuma, nakati (mboga ya majani, jamii ya nyanya chungu), dodo. Kitunguu kikae juu.

Kiangazi, lita tano asubuhi kwenye nguzo zinatosha, na lita moja au mbili juu. Kipimo ni kidole chako ndani ya tundu la safu ya chini: kikitoka kikavu, ongeza. Maji ya kuoshea mboga na mchele ni mazuri. Ya kufulia, yenye Jik au yenye chumvi, mwaga kwingine.

Sukuma ianze kuvunwa wiki ya tano au ya sita, majani ya chini kwanza, ukiacha manne au matano kileleni. Majani ya chini yakigeuka manjano wakati udongo una unyevu, hapo ndipo njaa inapoingia. Loweka kilo tano za samadi ndani ya jerikeni ya lita 20 kwa wiki mbili, koroga kila baada ya siku mbili, kifuniko kilegee. Kikombe kimoja kwa viwili vya maji, kwenye udongo, majani yasiguswe. Vidukari chini ya majani vinaondoka kwa kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja, nyunyiza jioni, rudia baada ya siku nne, na uoshe vizuri kabla ya kupika. Kuku wa jirani hawana dawa zaidi ya chandarua kilichochakaa kuzungushiwa safu ya chini.

Kuhusu mbegu, Container Village pale mjini Kampala wapo wauzaji wengi wa pembejeo. Nunua pakiti iliyofungwa, usome tarehe. Na udongo wa gunia lililochoka usiutupe. Uanike, ongeza jerikeni moja ya samadi iliyoiva, ujaze gunia jipya. Ila kama lilikuwa la sukuma, msimu unaofuata panda dodo au nakati humo.