Kabla hujanunua spika mpya, angalia chumba na amplifaya yako

Watu wengi wakitaka kubadilisha spika wanakimbilia wati, mtu akiona boksi limeandikwa wati 1000 anajua hapo ndo muziki mnene, kumbe ile namba haikwambii sauti itatokaje. Mi nasema anza na chumba chako na amplifaya uliyonayo.

Chumba kikiwa kidogo zile spika ndefu za kusimama chini achana nazo, besi inajaa inavuma mpaka maneno ya muimbaji huyasikii. Spika ndogo za kwenye stendi, wufa (ile koni kubwa ya besi) inchi 5 au 6, zinatosha kabisa.

Afu geuza amplifaya uangalie nyuma pale zinapoingia waya, imeandikwa omu ngapi, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika inazoziweza. Kama ni 8 mpaka 16 usiipe spika za omu 4, itachemka, na ukiilazimisha inaweza kuungua. Halafu kuna desibeli, yaani spika inatoa sauti kiasi gani ukiipa wati 1 na kuipima kwa umbali wa mita 1, na hapa naomba uwe makini sana manake ya desibeli 90 na ya 87 unaona kama zinalingana tu, lakini hiyo ya 87 inataka nguvu mara mbili kutoa sauti ileile. Sa mtu ana amplifaya ndogo, kanunua spika nzito kusukuma, anafungua volyumu mpaka mwisho, amplifaya inazidiwa sauti inaanza kupasuka, na twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, ndo inatangulia kufa. Ndo maana amplifaya ya wati chache inaweza kuua spika kubwa.

Ukienda kusikiliza beba nyimbo unazozijua vizuri, na spika zote zipigwe kwa sauti sawa, manake iliyo juu kidogo tu sikio litaipenda hata kama ni mbovu. Mi huwa naanza na mtu anayeongea bila muziki. Akisikika kama yuko ndani ya pipa, hizo spika sizichukui.

Za mtumba kagua ile ringi ya sponji pembeni ya wufa, huwa inaoza na kumeguka.

Ukifika nyumbani zisogeze kutoka ukutani hata nusu mita, twita iwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, na hakikisha waya nyekundu imeingia kwenye nyekundu spika zote mbili, ukigeuza upande mmoja besi inapotea na utadhani umeuziwa spika mbovu.