Mteja ni mmoja, mbona "them"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili katika sekondari ya kata hapa Tanga mjini. Nilitoa zoezi la kuandika maagizo ya kazini, na mwanafunzi mmoja akaandika: "If a customer calls, tell them to wait." Nikaikata "them" kwa kalamu nyekundu, juu yake nikaandika "him or her", maana mteja ni mmoja. Kesho yake akaniletea karatasi ya maagizo ya dada yake, anayefanya kazi mapokezi katika hoteli moja Raskazone. Imeandikwa vilevile kama yeye alivyoandika. Darasa zima likawa linanitazama. Je, nilikosea? Na kama ni sahihi, mbona kitenzi chake hubaki cha wingi? Kwenye mtihani niwaambieje?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kijana yuko sahihi. Mrudishie alama yake, na umrudishie mbele ya wenzake, kwa sababu mbele yao ndipo ilipokatwa. Wewe ulifuata kanuni tuliyofundishwa wengi wetu, nami nimewahi kuikata "them" ya namna hiyo kwenye madaftari mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Nianze na nyumbani. Mlango ukigongwa Ngamiani usiku, bibi aliyeko ndani husema, "Kuna mtu anagonga, mwambie aingie." Hajui kama ni mwanamume au mwanamke, wala lugha haimdai ajue. Kiambishi "a-" kinamtosha, na kile "m-" cha "mwambie" kinamtosha pia. Mwingereza hana kiambishi hicho. Ana "he" na ana "she", na kwa mtu asiyemjua yote mawili yanamlazimisha aseme jambo asilokuwa na hakika nalo. Ndiyo maana tangu zamani amekuwa akichukua "they" kuziba pengo hilo. Nina hisia kwamba mwanafunzi wako aliifikia "them" kirahisi kwa sababu masikio yake yamezoea lugha isiyouliza jinsia.

Nasema tangu zamani kwa sababu wengi hudhani huu ni mtindo wa juzi. "They" kwa mtu mmoja asiyetajwa jina inaonekana katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 14. Shakespeare aliitumia, na Jane Austen aliitumia mara nyingi. Neno lenyewe si hata la Waingereza wa asili: lilitoka kwa watu wa Skandinavia waliokwenda kukaa Uingereza, likashika mahali pa kiwakilishi cha kale ambacho matamshi yake yalikuwa yamekaribiana mno na ya "he".

Kanuni ya kuikataza ndiyo changa. Ilipata nguvu katika karne ya 18, watu walipoanza kuandika vitabu vya sarufi kwa ajili ya shule. Ann Fisher, mwalimu wa Kiingereza, aliandika katika sarufi yake ya mwaka 1745 kwamba kiwakilishi cha kiume kinaweza kubeba jinsia zote mbili. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyosema kwamba katika sheria zake maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawahusu na wanawake. Kwa hiyo "him" ya peke yake, tuliyoipokea shuleni kana kwamba imezaliwa pamoja na lugha, iliwekwa na watu, kwa tarehe zinazojulikana. Hiyo "him or her" uliyoandika wewe ni kiraka kilichotiwa baadaye. Kinafaa katika sentensi moja. Katika aya nzima kinachosha.

Sasa kitenzi, na hapa ndipo swali lako lilipo tamu. Tunasema "they are" hata kwa mtu mmoja, kamwe hatusemi "they is" katika Kiingereza sanifu, kwa sababu kitenzi kinafuata umbo la neno na hakifuati hesabu ya watu. Wanafunzi wako tayari wanalo jambo hilo kinywani kila siku. Waulize: ukimwambia mtu mmoja "you are", umehesabu wangapi? "You" ilikuwa ya wingi. Ya umoja ilikuwa "thou". Watu wakaanza kumwambia mtu mmoja "you" kwa kumheshimu, desturi ikaenea, hadi "thou" ikabaki katika sala, ushairi na lahaja chache. Wapo waliopinga. George Fox, mwanzilishi wa Wakwekeri, dhehebu la Kikristo la Uingereza, alishiriki mwaka 1660 kuandika kitabu kizima cha kuwashutumu wanaomwita mtu mmoja "you". Leo hakuna mwalimu anayekata "you are".

Kisha wapeleke kwenye Kiswahili, wataelewa mara moja. Neno "kiongozi" lina umbo la ki-, lakini hatusemi "kiongozi kimefika". Tunasema "kiongozi amefika", kwa kuwa ni mtu. Hapo maana imelishinda umbo. Kwa "they are", umbo limeishinda maana. Na "rafiki yangu amefika" je? Ile "yangu" imefuata umbo la neno, ile "a-" imefuata uhai wake, yote katika sentensi moja ya maneno matatu, na hakuna anayeona kasoro. Mimi ningetumia nusu kipindi hapo, kwa sababu mwanafunzi akishaona kwamba upatanisho una njia mbili, sarufi ya Kiingereza inaacha kuwa orodha ya makatazo.

Kuna matumizi mengine ambayo kweli ni mapya, usiyachanganye na hayo. Ni pale mtu anayejulikana, mwenye jina lake, anapoomba atajwe kwa "they" badala ya "he" au "she". Kamusi ya Merriam-Webster iliingiza maana hiyo mwaka 2019, na mwaka huohuo ikalifanya "they" kuwa neno lake la mwaka. Toleo la 7 la mwongozo wa uandishi wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, unaofuatwa na vyuo vingi duniani, lilitoka mwaka huo pia na kuyaidhinisha matumizi yote mawili. Wanafunzi wako watakutana nayo kwenye intaneti, basi wayatambue. Sentensi ya kijana wako iko katika kundi lile la kwanza, la kale.

Kuhusu mtihani, sina budi kuwa mwangalifu, maana anayesahihisha huenda alisoma kanuni ileile tuliyoisoma sisi. Wafundishe njia isiyo na ubishi: kuihamishia sentensi yote kwenye wingi. "If customers call, tell them to wait." Hakuna wa kuikata hiyo. Darasani kwako, lakini, usiadhibu "they" ya mtu mmoja.

Wino wako uhifadhi kwa kosa letu halisi, lile la "My mother, he is sick." Linatoka mahali palepale, kwenye "a-" yetu isiyobagua jinsia, ila hapa linamchanganya msomaji, na haliondoki kwa kukatwa mara moja. Linataka mazoezi ya mdomo: mwanafunzi asimulie habari za shangazi yake, kisha za mjomba wake, kisha za wote wawili pamoja, mpaka ulimi uzoee.

Jambo la mwisho linaniuma zaidi, kwa kuwa kazi yangu nyingine ni kuhariri tafsiri. Sentensi kama ya mwanafunzi wako ikirudishwa Kiswahili kiholela, inakuwa "Mteja akipiga simu, waambie wasubiri." Nimeshaletewa matangazo yenye "kila mteja alete kadi zao." Hapo wingi wa Kiingereza umeingia mahali ambapo sisi hatukuwa na pengo lolote la kuziba. Wape darasa sentensi hii waigeuze: "Someone has left their umbrella, they may come back for it." Jibu ninalolitarajia ni "Kuna mtu amesahau mwavuli wake. Huenda akarudi kuuchukua." Atakayeandika "mwavuli wao", huyo kaa naye kwa utaratibu.