Muulize Anti: Chipu kichwani, siri zako zinabaki za nani?

Wiki hii barua karibu zote zimekuja na kitu kimoja, chipu za ubongo, nadhani wote tumekuwa tukiangalia video zilezile. Nimechagua nne, zingine zilikuwa zinajirudia.

SWALI: Anti shikamoo. Kaka yangu alivunjika shingo kwenye ajali, toka siku hiyo mikono na miguu haifanyi kazi. Amesikia kuna majaribio unawekewa chipu kwenye ubongo halafu unaendesha kompyuta kwa kuwaza tu, sasa anataka kujiandikisha. Mi naogopa, si wataanza kusoma kila anachowaza mpaka mambo yetu ya ndani ya familia? – Mdogo wake

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na umpe pole kaka. Kwanza tuelewane hiki kitu kinasikiliza nini. Hawakiweki popote tu, kwa mtu kama kaka yako kinakaa kwenye ile sehemu ya ubongo inayoamrisha misuli, elektrodi, yaani vinyaya vyembamba sana, zinanasa vile viumeme vidogo vya seli za jirani, halafu kompyuta inajifunza taratibu kwamba zikilia hivi huyu mtu anajaribu kupeleka mkono kulia, zikilia vile anataka kubonyeza. Kifaa cha kampuni ya Neuralink ya Marekani alichowekewa Noland Arbaugh, kijana aliyepooza, Januari 2024 kina elektrodi 1,024, unaweza kuona ni nyingi, lakini ubongo una seli za neva kama bilioni 86, kwa hiyo ni sawa na kutega sikio kwenye tundu la ukuta wa soko, unawasikia wauzaji wawili watatu waliosimama hapohapo tunduni na waliobaki wote ni kelele.

Ila sitakudanganya kwamba hofu yako haina msingi, maana kuna sehemu nyingine za kichwa zinasema zaidi. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifanya kazi na watu waliopooza ambao tayari walikuwa na elektrodi kwenye eneo la usemi, wakawaambia waseme sentensi kimoyomoyo bila hata kujaribu kufungua mdomo, na kompyuta ikabahatisha maneno kwa usahihi uliofika asilimia 74. Mimi kilichonishtua siyo hicho. Ni kwamba walipowapa kazi ya kuhesabu maumbo kwenye skrini, mitambo ilinasa baadhi ya namba wanazohesabu kichwani, na hapo hakuna aliyewaambia waseme chochote! Watafiti wenyewe waliliona hilo wakaweka kufuli, yaani mtu anawaza kwanza maneno fulani ya siri ndipo mtambo unaanza kusikiliza, na maneno hayo yalitambuliwa kwa zaidi ya asilimia 98. Hawa ndo watu wa aina ya kukaa nao mezani, wametaja kasoro kabla hatujawauliza.

Kwa hiyo usimkataze kaka yako, ni mtu mzima na mwili ni wake, wewe nenda naye kwenye kikao cha ridhaa, pale anapoelezwa kila kitu kabla hajasaini, uwe masikio ya pili. Waulizeni chipu inakaa eneo gani na inanasa nini zaidi ya mkono, data ghafi inalala wapi na nani mwingine anaiona, akijitoa katikati zile data za nyuma zinafutwa au zinabaki kufundishia programu za watu wengine. Wakianza kujibu kwa "usijali", hapo ndo mjali.

SWALI: Anti, mimi ni fundi kompyuta, siri hazinisumbui. Nauliza hivi, simu ikiacha kupata masasisho natupa nanunua nyingine, sasa chipu iliyo ndani ya kichwa kampuni ikifunga je?

JIBU: Fundi umegusa kidonda chenyewe, na kwangu hili ni zito kuliko lile la kusomwa mawazo. Limeshatokea. Kampuni ya Second Sight ya Marekani ilitengeneza Argus II, kipandikizi cha kwenye jicho kwa watu waliopoteza uwezo wa kuona, kikaruhusiwa Marekani mwaka 2013 na watu zaidi ya 350 duniani wakawekewa. 2019 kampuni ikaacha kukitengeneza, 2020 ikakaribia kufilisika ikapunguza karibu wafanyakazi wote, na wale watu wakabaki na chuma ndani ya jicho, ukiharibika waya hakuna spea na hakuna wa kumpigia. Huko Australia kuna mama mwenye kifafa aliyewekewa kifaa cha kichwani kilichokuwa kinamwonya kabla degedege halijaanza, akakizoea mpaka akakiona ni sehemu ya nafsi yake, kampuni ikaishiwa pesa na kikatolewa wakati yeye hataki kitolewe.

Sheria nyingi zinajua kulinda data tu, haziulizi matunzo ya miaka 20 atalipa nani. Ningekuwa na uwezo ningelazimisha kila kampuni iweke pesa pembeni, kwa mtu mwingine, kabla haijatoboa fuvu la kwanza. Mpaka ifike hapo, mtu adai mkataba uandike nani atalipia kukitoa, maana kuingiza wanatoa bure na kutoa hakusemwi.

SWALI: Baba ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, aliwekewa waya za kusisimua ubongo na mtetemo umepungua sana tunashukuru. Tatizo amebadilika, halali, ananunua vitu ovyo, anaongea bila breki, mwenyewe anasema hajawahi kujisikia vizuri hivi. Huyu ni baba au ni mashine?

JIBU: Mpelekeni kliniki iliyomwekea, wiki hii, msisubiri. Tiba hii ina umri, ilianza Grenoble, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 80 na zaidi ya watu laki moja wanaishi nayo, na inajulikana kwamba mkondo wa umeme ukigusa maeneo ya jirani unaweza kumpandisha mtu hisia kupita kiasi. Mara nyingi ni suala la kurekebisha mipangilio au dawa. Na msikizime wenyewe nyumbani, ni hatari.

Lile swali lako la mwisho halina jibu jepesi. Mwaka 2004 madaktari wa Uholanzi waliandika habari za mzee wa miaka 62, kifaa kikiwaka anatembea lakini akili inaruka, kikizimwa akili inatulia ila mwili umelala kitandani, na kila marekebisho yaligoma. Wakakizima, wakamuuliza akiwa ametulia, nae akachagua kiwashwe akaishi kwenye hospitali ya magonjwa ya akili. Nimewaza sana juu ya huyo mzee. Ninachokipenda ni kwamba walimuuliza wakati kifaa hakisemi kwa niaba yake, na nyie muulizeni daktari kama inawezekana baba aulizwe hivyohivyo.

SWALI: Anti mi sina chipu, nina mkanda tu wa kichwani wa kupima mawimbi ya ubongo, nautumia kutulia kabla ya kulala. Hayo yote hayanihusu eti?

JIBU: Yanakuhusu kuliko wote mwanangu, maana mgonjwa ana daktari na kamati ya maadili, wewe una kitufe cha "nakubali" na hukusoma. Mwaka 2024 taasisi ya Neurorights Foundation ilipitia masharti ya kampuni 30 zinazouza vifaa kama chako, 29 zilikuwa zinajipa ruhusa ya kuchukua data za ubongo bila mipaka ya maana. Chile waliingiza ulinzi wa ubongo kwenye katiba mwaka 2021, na 2023 mahakama yao ya juu kabisa ikaiamuru kampuni ya Emotiv ifute data za aliyekuwa seneta Guido Girardi, ambae alikuwa amenunua mkanda wao tu kama wewe. Majimbo ya Colorado na California huko Marekani wakatunga sheria zao 2024.

Leo usiku kabla hujauvaa ingia kwenye programu yake, zima kushirikisha data, halafu waandikie uombe nakala ya walichonacho na wakifute. Wasipojibu, angalia risiti kama siku za kurudisha bado hazijaisha.