Flashi ya kamera ya mtumba: ijaribu kabla hujaweka mkanda

Kwenye sendofu ya binamu yangu nilipiga picha ambayo hadi leo siwezi kuitazama kwa muda mrefu. Mkono wa bibi harusi umenyooka, umeshika uma wenye kipande cha keki, hina ya vidoleni inaonekana hadi mistari yake. Kisha picha inakatika. Kuanzia katikati hadi ukingoni ni weusi mtupu, na mpaka wake umesimama wima kama uliopigwa rula. Shangazi, aliyekuwa amefungua mdomo alishwe keki na binti yake, amebaki ndani ya ule weusi.

Kamera ilikuwa Pentax K1000 niliyoinunua kwa mzee mmoja aliyefunga studio yake Magomeni, pamoja na flashi ya kuchomeka juu. Nilikuwa nimepiga mkanda mmoja wa majaribio, mchana, nje, na picha zikatoka safi kabisa. Flashi niliiwasha palepale kwa mzee, ikatoa mwanga, nikaridhika. Kwenye sherehe picha nyingi zilitoka nusu nyeusi, na nyingine giza zima. Nilidhani ni ugonjwa mmoja. Yalikuwa magonjwa mawili, na kila moja lilikuwa na mahali pake.

Nusu nyeusi ni habari ya shata. Ndani ya K1000 kuna mapazia mawili ya kitambaa yanayokimbia kwa ulalo mbele ya mkanda: la kwanza linafungua, la pili linakuja nyuma yake kufunga. Kwenye kasi ya 1/60 ya sekunde na zilizo chini yake, la kwanza hufika mwisho kabla la pili halijaondoka, kwa hiyo kuna kitambo kifupi ambapo mkanda uko wazi wote. Hapo ndipo flashi hupigwa. Ukipandisha hadi 1/125, pazia la pili huwa limeshafika kama katikati, na mwanga wa flashi, ambao kwa kawaida haudumu hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, unakuta nusu tu iko wazi. Mimi nilikuwa nimeacha gurudumu la kasi kwenye 125 tangu mchana.

Kasi hiyo ya mwisho inayokubali flashi si moja kwa kamera zote. Zenit E inataka 1/30. Canon AE-1 ni 1/60 kama K1000. Nikon FM, ambayo mapazia yake ni ya chuma na yanakwenda kwa wima, inafika 1/125, na ukikosea huko mstari mweusi utaukuta juu au chini ya picha badala ya pembeni. Kamera zenye shata ndani ya lenzi, kama Yashica Electro 35, hazina shida hii kabisa. Kwa hiyo jua kwanza kamera yako ni ya kundi gani. Mara nyingi gurudumu lenyewe linakuambia: namba moja ina rangi tofauti, au ina alama ya X pembeni.

Kuna jaribio ambalo ningelifanya siku ile ile ya kununua kama ningelijua. Toa mkanda, fungua mgongo wa kamera. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, chomeka flashi, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe ndani ya chumba chenye giza kiasi, na jicho liwe nyuma ya kamera kama urefu wa mkono. Weka 60, piga. Utaona dirisha la mstatili limejaa mwanga, pembe zote nne. Weka 125, piga tena. Dirisha litakuwa nusu. Nilipoliona kwa macho yangu niliweka kamera mezani nikakaa kimya, maana ile nusu ndiyo iliyommeza shangazi.

Ukiona kipande cheusi hata kwenye 60, mafuta ya mapazia yameganda kwa uzee na pazia la kwanza linachelewa. Shuka hadi 30 uendelee kufanya kazi wakati unatafuta fundi. Na dirisha likiwa jeusi lote ingawa flashi imewaka, angalia kama kamera ina swichi ya M na X. M ni ya zile balbu za zamani zilizoungua mara moja na kutupwa. Balbu hizo zilihitaji muda kufikia mwanga wake kamili, kwa hiyo kamera huziwasha mapema, kabla shata haijafunguka. Flashi ya betri ikipewa amri hiyo inamaliza mwanga wake mlango ukiwa bado umefungwa. Olympus OM-1 ina swichi inayofanana nayo, imeandikwa FP (nayo ni ya balbu) na X, inazunguka pale pa kuchomekea waya wa flashi, na ni rahisi sana kuisogeza bila kujua. Iache kwenye X.

Ugonjwa wa pili, flashi kugoma, ulinichukua wiki mbili kwa sababu nilianza kwa kubahatisha. Sasa swali langu la kwanza ni moja: taa ndogo ya flashi ikiwa imewaka kuonyesha iko tayari, nikibonyeza kitufe chake cha kujaribia, inapiga? Ikipiga, flashi ni nzima, usiiguse. Shida iko kati yake na shata. Ya kwangu ilipiga kila mara.

Njia yenyewe ni fupi. Chini ya mguu wa flashi kuna kipini cha chuma, na katikati ya ile reli iliyo juu ya kamera kuna kiduara cha chuma. Vikigusana, na reli ikigusa pembeni mwa mguu, shata inaweza kutoa amri. Kwenye K1000 amri hiyo ni swichi ya chuma inayojifunga pazia la kwanza linapofika, haihitaji betri ya kamera, hivyo betri iliyokufa ndani ya kamera si kisingizio. Nilipochukua tochi na kuinamia kile kiduara, nilikuta kimefunikwa na utando wa kahawia, mwembamba kama chai iliyokauka kwenye kikombe. Nilikisugua kwa ufutio wa penseli, nikafuta unga wake kwa pamba ya masikio iliyochovywa kidogo kwenye spiriti, nikafanya vivyo hivyo kwenye kingo za reli na kwenye mguu wa flashi. Msasa usitumie, utakwangua chuma na kutu itarudi haraka zaidi. Baada ya hapo nilipiga mara thelathini bila mkanda, na flashi ikaitika mara thelathini.

Kama kusafisha hakusaidii, pitia upande wa pili: kitundu cha waya kilicho mbele ya kamera. Kinaitwa PC, kutokana na Prontor na Compur, shata mbili za Kijerumani. Waya ukifanya kazi na reli ikagoma, umeshajua ubovu uko kwenye reli. Vyote viwili vikigoma, chukua mita ya fundi umeme, iweke kwenye kipimo cha mlio, ncha moja kwenye kiduara na nyingine kwenye ukingo wa reli, halafu weka gurudumu la kasi kwenye B, ambapo shata hubaki wazi muda wote unaobonyeza, piga na uishikilie. Ya kwangu hulia wakati shata iko wazi. Usiposikia chochote, swichi ya ndani imekatika au imeshika kutu, na hiyo ni kazi ya fundi wa kamera.

Na kama kitufe cha kujaribia nacho hakipigi? Anza na betri. Betri za bei ndogo tunazoweka kwenye rimoti haziwezi kutoa umeme mwingi kwa mara moja, na flashi itakaa dakika nzima ikijaza. Tumia za alkali au za kuchaji za NiMH. Ukikuta ukoko mweupe au wa kijani kwenye springi, ni betri ya zamani iliyovuja. Tone la siki au ndimu kwenye pamba linautoa, kisha futa kwa spiriti na uache ikauke kabisa.

Flashi iliyokaa kabatini miaka mingi, kapasita yake, yaani kile kifaa kinachohifadhi umeme wa kupiga, husahau kushika umeme. Iwashe, iache ijae, isubirishe dakika kadhaa bila kupiga, kisha piga, na urudie mara kumi hivi. Nyingi hurudi. Lakini nakuomba sana, usiifungue. Ndani ya kapasita kuna takriban volti 300, na hubaki humo hata baada ya kutoa betri. Umeme huo unaweza kuua. Pia usiichomeke flashi ya zamani kwenye kamera ya kidijitali bila kupima: Vivitar 283 za mwanzo, kwa mfano, hutoa zaidi ya volti 200 kwenye kipini cha mguu. K1000 inavumilia, mashine ya kisasa inaweza kuungua.

Picha ikitoka yote lakini imefifia, fanya hesabu. Flashi yenye namba ya nguvu 28 kwa mkanda wa ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa mkanda kunasa mwanga), gawa kwa umbali wa mita: mtu akiwa mita 3.5, tundu ni f/8. Akiwa mita 7, ni f/4. Ukiweka mkanda wa ISO 400, namba inakuwa 56. Angalia pia gurudumu la ISO kwenye flashi yenyewe, maana mwenye nayo wa zamani huenda aliliacha kwenye mkanda wake wa mwisho. Na taa ya utayari ikiwaka, hesabu sekunde tano zaidi kabla ya kupiga, kwa kuwa flashi nyingi huiwasha kabla hazijajaa.

Sasa flashi yangu inakaa bila betri, kwenye mfuko mkavu, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi naiweka betri, naijaza, naipiga mara tano ukutani. Usiku wa kuamkia sherehe nafungua mgongo wa kamera, nazima taa ya chumba, naangalia kama dirisha limejaa pembe zote nne. Ndipo naweka mkanda.