Imeili ya "kuna mtu anatoa hela zako" usiijibu kwa kidole

Wadogo zangu mnaoanza kripto, kabla hamjaulizana sarafu gani itapanda nisikilizeni kidogo. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tunazijua wote, tunacheka tunafuta. Sasa ndugu yao yupo kwenye imeili, ila huyu kavaa suti.

Mimi nilikuwa kwenye daladala ya Mbezi, nimeshika bomba mkono mmoja, ikaingia imeili kama ya soko langu, yaani ile apu ninayonunulia na kutunzia kripto, eti kuna mtu anatoa USDT zako (sarafu ya kripto inayofuata bei ya dola) yuko nchi nyingine, kama siyo wewe bonyeza hapa uzuie, logo ile ile rangi zile zile, na kwenye simu anwani ya aliyetuma huioni unaona jina tu. Nikabonyeza. Na paswedi nikaweka! Kilichoniokoa ni konda kudai nauli, narudisha macho kwenye skrini naombwa zile namba 6 za kuthibitisha ni mimi, ndio nikaona jina la tovuti lina herufi imezidi. Nikashuka Kimara hata sijafika, nikafungua apu yenyewe nikabadili paswedi na kutoa vifaa vyote vilivyoingia.

Na msijidanganye kwamba ukiwa na Google Authenticator, ile apu inayotoa hizo namba 6 mpya kila sekunde 30, umemaliza. Ukurasa feki unachukua paswedi na zile namba unazipeleka saa hiyo hiyo kwenye tovuti halisi, sekunde 30 zinamtosha mwizi kabisa. Za SMS ndio mbaya zaidi maana mtu anaweza akarenyu laini yako akazipokea yeye. Kama soko lako lina paskii (unaingia kwa alama ya kidole au uso wa simu yako badala ya paswedi) weka, ile imefungwa na jina la tovuti, ukurasa feki ukiiomba haitoki.

Halafu usidhani ukitulia siku mbili bila kuibiwa basi umepona. Mwaka 2018 wezi waliwanasa wateja wa Binance, soko kubwa la kripto, kwa tovuti feki yenye vinukta viwili chini ya herufi za jina, kwenye skrini ya simu utasema vumbi. Wakatengeneza funguo za API (zinazoruhusu programu nyingine kununua na kuuza kwenye akaunti yako bila paswedi) kwenye akaunti za watu wakakaa kimya, mpaka tarehe 7 Machi ndio wakazitumia kununua sarafu ndogo ya Viacoin kwa hela za wenyewe ili bei ipande. Binance waliwahi kufunga utoaji, hela hazikutoka, ila wewe usitegemee bahati hiyo. Ukishabonyeza linki mbaya, paswedi peke yake haitoshi, nenda na kwenye API ufute usichokijua.

Mengine ni ya dakika 5. Weka lile neno lako (wanaliita anti-phishing code) linalotokea kwenye kila imeili ya kweli kutoka sokoni, lisipokuwepo futa. Washa orodha ya anwani za kutolea, hela ziende kwenye anwani ulizoziandika wewe tu, na kwenye masoko mengi anwani mpya inasubiri kwanza, unapata muda wa kushtuka. USDT ikishatoka siyo M-Pesa kwamba utapiga huduma kwa wateja wakuzuilie muamala.

Ila kilichonisaidia kuliko vyote ni kufungua imeili nyingine ya kripto tu, haipo Instagram, haipo kwa fundi simu Kariakoo, hata shemeji yenu haijui. Zile za "akaunti yako imefungwa" bado zinakuja kila wiki, zinakuja kwenye ile ya zamani, nazijua ni feki kabla sijazifungua.